Mzigo wa Mbele

Mbeere, 3 Agosti 2023

Baba,

Natumaini mmeamka salama wewe na Mama. Barua hii utaipata mkononi mwa Mutegi, yule dereva wa pikapu anayenunua ndengu huku na kuzipeleka Meru. Najua simu haina faida kwako tangu mashine za karakana zikumalize masikio, na mambo haya nikimpa Mama akupigie kelele atayachanganya.

Mashua yetu Pacha inasumbua. Watu wa Kinoru walikucheka ulipoijenga uani, mahali ambapo maji ni ya mtungi tu, lakini tangu uilete kwa lori imevusha nusu ya kijiji chetu hadi ng'ambo ya bwawa, upande wa Ukambani, na haijawahi kutuaibisha. Sasa usukani umekuwa mzito. Ule upepo wa mchana wa Agosti ukianza, mashua inavutwa kwenda kule upepo unakotoka, hata mtu aushike mkono wa usukani kwa nguvu zake zote. Mara nyingine inageuka ghafla yenyewe, kama mbuzi aliyeona jani. Juzi ilielekea kwenye mawe.

Hakuna aliyeumia. Ila nataka tujue shida ni nini kabla haijaharibika.

Kivuti anakusalimu. Angekuandikia mwenyewe, ni vile mbuzi wanamshughulisha.

Mimi binti yako,
Karimi

---

Kinoru, 6 Agosti 2023

Mwanangu Karimi,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, halafu nikaketi nikaisoma tena. Mashua haiugui kama mtu. Haina homa isiyojulikana imetoka wapi. Ikikataa, kuna kitu kimoja kinachoikataza, na kitu hicho kinaweza kuguswa kwa mkono.

Pacha ina mitumbwi miwili, na nyuma ya kila mtumbwi kuna usukani wake. Lile bomba la chuma linaziunganisha sukani hizo zigeuke pamoja. Sasa mwambie Kivuti aivute mashua nchi kavu. Aanze na ubao wa kila usukani. Ausukume chini hadi mwisho, kisha auvute kuelekea nyuma kwa nguvu, jinsi maji yanavyouvuta mkiwa safarini. Ukipanda hata kidogo, hapo pana ugonjwa. Ubao usiposimama wima ndani ya maji, mkono wa usukani unakuwa kama kuburuta ng'ombe.

Halafu ashike kila usukani autikise. Ukichezacheza kwenye bawaba, vile vipete vya ndani yake vimelika. Nimempa Mutegi vipya, pamoja na kamba nzuri. Mwisho apime kutoka usukani hadi usukani, kwanza upande wa mbele wa mbao, kisha upande wa nyuma. Vipimo viwe sawa. Visipokuwa sawa ni kama gari ambalo gurudumu moja linataka Nanyuki na jingine linataka Maua.

Aniambie anachokiona, sio anachokifikiria. Fundi aliye mbali anatumia macho ya kuazima. Nilipokuwa Kisumu katika karakana ya mashua, mtu mmoja alituficha kwamba alikuwa amegonga mwamba, tukakaa juma zima tukitengeneza mahali pazima.

Baba yako,
Mithika

---

Mbeere, 10 Agosti 2023

Baba,

Umepatia! Usukani wa kulia ulikuwa mzima. Wa kushoto ulipanda mara tu ulipovutwa. Kamba inayoushikilia chini ilikuwa imelika ndani ya tundu lake, imebaki nyuzi chache, na kwa nje huwezi kuona kitu. Nimetia kamba yako. Vipete navyo tumebadilisha. Vipimo vilipishana upana wa vidole viwili, upande wa nyuma ukiwa mpana zaidi, kwa hivyo tulizungusha nati ya bomba hadi vikawa sawa. Sasa mkono ni mwepesi, hata mimi ningeweza kuushika kwa vidole.

Lakini shida nyingine imebaki, na hii ndiyo inaninyima usingizi. Pacha inakataa kugeuka. Unajua upepo wa wakati huu unatoka kule kule tunakokwenda, kwa hivyo ni lazima kwenda kwa kukata kona, kushoto halafu kulia. Kila tukifika kwenye kona, pua zinaingia kwenye upepo, matanga yanapigapiga, na mashua inasimama. Inasimama tu, Baba. Kisha inaanza kurudi kinyumenyume kuelekea kwenye visiki, ile miti iliyofunikwa na maji bwawa lilipojazwa. Hapo ndipo mamba wanapenda kuota jua.

Nimeangalia kila kitu ulichosema. Nilichoona kingine ni kwamba mkia unakuwa kama umeinuka, na pua zinakunywa maji.

Tafadhali jibu upesi. Kuna watu wanaolazimika kuvuka kwenda zahanati ya ng'ambo, na barabara ya kuzunguka ni mawe matupu.

Karimi

---

Kinoru, 13 Agosti 2023

Karimi,

Hayo maneno yako ya mwisho yamenitosha: pua zinakunywa maji. Mashua hainywi maji kwa pua kama hakuna uzito mbele. Pua zikizama, mkia unainuka, na mkia ukiinuka zile sukani zinapapasa maji ya juu tu. Utageuza nini na usukani unaopapasa?

Kwa hivyo nimejiuliza ni nani aliye mbele. Wewe huna uzito wa kuizamisha pua ya mashua niliyoijenga mimi. Ni Kivuti. Amejinyoosha kwenye ule wavu wa kati ya mitumbwi, karibu na mlingoti, akitafuna hayo majani yenu ya muguka, na wewe uko nyuma peke yako, unashika usukani kwa mkono huu na kamba ya tanga kwa mkono ule. Nimekosea? Hata vipimo umechukua wewe. Kivuti hajui kusema "nyuzi chache zimebaki." Yeye angesema "imeisha."

Nilimpa mke. Sikumpa punda wa kumvusha maji. Mashua haijakataa kugeuka, Karimi. Kuna mtu aliyekataa kusogea. Mwambie ainuke aende nyuma, ashike usukani kama mwanaume, na shida yako itaisha siku hiyo hiyo.

Sina mengine.

Mithika

---

Kinoru, 14 Agosti 2023

Karimi mama,

Baba yako hajui kwamba nimeandika. Nimemwendea Mutegi mwenyewe kwenye stendi kabla hajaondoka.

Tangu jana baba yako hali vizuri. Ameichora mashua yenu kwa chaki kwenye mlango wa stoo, anaifuta, anaichora tena. Ananiambia ni Kivuti. Mimi nilimlea Kivuti kama mkwe kwa miaka hii yote na sijamwona akiketi mtu mwingine anapofanya kazi. Kila nikikupigia na kumuulizia, unaniambia yuko kwa mbuzi. Usiku yuko kwa mbuzi? Jumapili wakati wa ibada yuko kwa mbuzi?

Kama amekuacha, sema. Kama amekupiga, sema, nitakuja na kaka zako. Lakini usinifanye nihesabu mbuzi ambao siwaoni.

Mamako,
Kaari

---

Mbeere, 18 Agosti 2023

Baba,

Tafadhali usimseme Kivuti. Nakuomba nikiwa nimepiga magoti. Unaweza kunisema mimi.

Ni kweli ninashika usukani mimi. Ni kweli kuna uzito mbele. Lakini uzito huo hauwezi kusogezwa, kwa hivyo nifundishe kugeuza mashua, uzito ukiwa hapo hapo ulipo. Lazima kuna njia.

Jana nilijaribu kuusukuma mkono wa usukani kwa ghafla, mpaka mwisho, nikidhani nguvu itasaidia. Pacha ilisimama kama imegonga ukuta. Tulirudi nyuma hadi kwenye visiki. Nilichukua ule mti mrefu wa kusukumia nikawa nasukuma kisiki kimoja, mkia unagonga kingine, na kwenye tope la pembeni mamba mmoja akateleza akaingia majini. Sikumwona tena. Hilo ndilo lilinitisha zaidi, kutomwona. Tulisukumwa hadi kwetu bila kufika ng'ambo, na safari hiyo haikuwa ya kukosa.

Mwambie Mama sijaachwa wala kupigwa. Mwambie aache kunipigia simu kwa siku chache, kwa sababu nikisikia sauti yake nitalia, na sina nafasi ya kulia.

Niambie la kufanya na usiniulize la mbele.

Karimi

---

Mbeere, 18 Agosti 2023

Mzee Mithika,

Naandika kwa heshima, nikijua mkwe hapaswi kukuandikia mambo kama haya. Karimi ameenda kisimani. Mutegi amekubali kuningoja.

Karimi alinisomea barua yako ya tarehe kumi na tatu akaruka mistari. Nilimwona macho yanavyoruka. Alipotoka nje niliichukua nikaisoma yote.

Umesema kweli, Mzee. Mzigo wa mbele ni mimi.

Siku ile usukani ulipokataa, nilikuwa nyuma na Karimi mbele. Mashua ilikimbilia mawe. Niliacha usukani nikatanguliza mguu ili mtumbwi usipasuke. Mtumbwi haukupasuka. Mguu wangu wa kulia ulibaki kati ya mashua na jiwe. Mfupa ulitokeza. Ng'ambo kuna zahanati ambapo wanaosha kidonda na kunidunga sindano, na Karimi ndiye ananivusha. Pikipiki nilijaribu mara moja kwa njia ya kuzunguka, nikazimia.

Ananilaza kichwa kikiwa mlingotini, kwa sababu pale wavu ni mpana na mkono wa usukani haunipigi.

Ni mimi nilimkataza asikuambie. Ile mashua uliijenga kwa mikono yako ukatupa kama baraka. Sikutaka ujue ilichonifanyia. Niliona ni afadhali mguu uniume mimi kuliko moyo ukuume wewe.

Sasa mguu una harufu. Jana hatukufika. Karimi hajaniambia anachokiona anapofungua kitambaa, lakini ninamwona usoni. Usimkasirikie. Ukiwa na hasira, iweke kwangu, mimi nimelala tu, nina nafasi nayo.

Kivuti

---

Kinoru, 19 Agosti 2023

Karimi na Kivuti,

Mutegi amenikuta karakanani na nimemwambia asizime gari. Nimemwomba asilale njiani.

Sikilizeni. Kesho asubuhi kabla upepo haujawa mkali, ondokeni. Msinisubiri, nitakuja nyuma.

Kivuti, geuka. Mgongo wako uegemee ile boriti ya nyuma, upande wa kulia, mguu uelekee mlingotini juu ya magunia. Uzito wa mtu uko kiwiliwilini, mguu hauna neno. Mkono wa usukani utapita juu ya bega lako la kushoto. Inamisha kichwa ukisikia unakuja. Shika wewe kamba ya tanga kubwa. Mikono yako ni mizima, na Karimi anahitaji mikono yake yote miwili.

Karimi, usigeuze ukiwa na mwendo mdogo. Kwanza acha ishike kasi. Kisha sukuma mkono polepole, kama unafunga mlango wa chumba alicholala mtoto. Usukani ukisukumwa ghafla unakuwa breki. Pua zikifika kwenye upepo, Kivuti alegeze kamba kidogo. Lile tanga dogo la mbele usilibadilishe haraka. Liache lishikwe upande wa zamani hadi upepo uligonge kwa nyuma na kuisukuma pua ivuke, ndipo uliachilie. Na ikisimama ikaanza kurudi nyuma, usihangaike. Geuza usukani kinyume, kama unavyorudisha gari kwa rivasi, nayo itakusikia.

Kivuti mwanangu, mashua ni mbao na gundi. Ningejenga nyingine. Ningejenga kumi. Maneno niliyoandika juu yako yananichoma, na nitakuja kukuambia hivyo uso kwa uso.

Nendeni.

Mithika

---

Ng'ambo, hospitalini, 25 Agosti 2023

Baba,

Najua ulishafika kwetu siku ya pili ukatukosa, na jirani alikuambia tumevuka. Mama ananipigia kila siku na sasa napokea. Lakini haya nataka uyasome mwenyewe.

Barua yako ilifika alfajiri, Mutegi akiwa na macho mekundu. Tulimbeba Kivuti mimi naye na jirani, tukamketisha ulivyosema. Alikuwa na homa, anatetemeka, lakini alishika kamba. Tulipotoka tu niliona tofauti. Pua zilikuwa juu. Nyuma nilisikia sukani zinavyouma maji, Baba, nilisikia kwa kiganja.

Kona ya kwanza niliogopa nikasukuma haraka. Ikasimama. Visiki vilikuwa nyuma yetu. Nilianza kupiga kelele, nikamwita Mungu, nikakuita wewe. Kivuti akasema kwa sauti ndogo sana, "Kinyume. Amesema kinyume." Nikageuza kinyume. Mashua ilirudi nyuma kidogo, ikazungusha pua taratibu, na tanga likajaa upande ule mwingine. Nilivuka juu ya miguu yake nikaketi na tukaenda.

Kona ya pili niliacha ishike kasi. "Legeza," nikamwambia, akalegeza. Tanga dogo likagongwa kwa nyuma, pua ikapita. Sikujua kama nacheka au nalia. Nilipomwangalia Kivuti alikuwa amefumba macho, lakini kamba ilikuwa imezungushwa kwenye ngumi yake na hakuiachilia hadi tulipogusa mchanga. Muuguzi ndiye aliyemfungua vidole.

Zahanati hawakumgusa. Waliita gari wakatuleta hapa hospitali kubwa siku ile ile. Daktari alisema tungechelewa tena, tungempoteza. Mguu wameukata chini ya goti.

Tangu aamke hajasema neno. Anakula nikimlisha. Ananiangalia, kisha anaangalia dirisha. Wauguzi wanasema nimpe muda. Nimempa. Ninaongea peke yangu kutwa nzima kama mwendawazimu.

Mbuzi wanakusumbua?

Karimi

---

Nyumbani kwenu, Mbeere, 1 Septemba 2023

Kivuti mwanangu,

Namwandikia Karimi akusomee, na nimemwambia asiruke mstari.

Niko kwako. Mbuzi wako wamenikubali, isipokuwa yule dume mwekundu. Mama mkwe wako amefika jana na anasema ukuta wa jiko lenu umeinama, kwa hivyo jitayarishe kwa maneno.

Nilikuja nikiwa na mawazo ya kuikata Pacha kuni. Nilikuwa na shoka. Nilishuka hadi ufukweni, ambako jirani alikuwa ameirudisha kutoka ng'ambo, nikaiangalia, nikaweka shoka chini. Halafu nikaingia nikajilaza pale ulipokuwa ukilala, kichwa mlingotini, nikaangalia anga. Jirani aliipeleka kidogo majini. Kutoka pale mtu haoni anakokwenda. Anaona tu tanga na uso wa yule anayemvusha. Nilifikiria uliuona uso wa Karimi namna hiyo safari ngapi, na kule nyumbani mimi ninakuita mvivu.

Nisamehe. Sisemi hili kwa karatasi tu, nitalirudia nikikuona.

Sasa nikuambie la kazi. Karimi anasema hutaki kuongea. Sikulazimishi. Lakini ujue kwamba usukani wa mashua unashikwa kwa mkono, na uzito unakaa nyuma kwa makalio. Nimefanya mazoezi hapa kwa siku tatu nikiwa nimefunga mguu wangu wa kulia kwa shuka, jirani akinicheka. Kugeuka kulinishinda mwanzoni, kwa sababu ni lazima mtu ahame upande. Kwa hivyo nimetengeneza kiti nyuma, katikati, juu ya boriti, na mkono wa usukani nimeukata uwe mfupi. Anayekaa hapo hahami. Anageuza akiwa ameketi. Jana nilivuka na kurudi bila kuunyanyua mguu, na upepo ulikuwa ule ule.

Usukani wa kushoto nimeuwekea pini ya chuma badala ya kamba. Hautapanda tena.

Nakusubiri,
Mithika

---

Hospitalini, 4 Septemba 2023

Baba,

Nimemsomea. Sikuruka.

Nilipofika mahali pa shoka alifumba macho. Nilipofika pale ulipolala mlingotini, alivuta shuka akajifunika uso, nami nikaendelea kusoma. Nilimaliza, nikaikunja barua, nikaanza kumenya ndizi kwa sababu sikujua mikono yangu niiweke wapi.

Kisha akasema ndani ya shuka, sauti imekauka kama ya mtu asiyejulikana:

"Hicho kiti, amekifunga kwa bolti au kwa kamba?"

Nikamwambia sijui, barua haikusema.

Akajifunua. "Muulize," akasema. "Kwa sababu kama ni kamba, kitahama."

Baba, jibu. Jibu leo, Mutegi anapita hapo saa nane.

Karimi